Mkiwafukuza wa ng'ambo tutacheza na nani?

Jumapili hii saa kumi jioni tunacheza na wa ng'ambo. Mtu wa mpira wa mitaani hapa Mombasa hana haja ya kuambiwa ng'ambo gani, ni wale wanaovuka na feri kutoka Likoni kuja kukutana na sisi wa kisiwani, mechi ambayo mimi nimezaliwa nimeikuta, nikaicheza miaka mingi kama beki wa kushoto, na tangu goti likatae ndio nimekuwa meneja wa timu, yaani makaratasi, maji, chokaa, marefa, nauli, kila kitu isipokuwa kupiga mpira wenyewe. Majina ya timu sina haja ya kuyataja, wenyewe wanajijua, na haya ninayoandika naamini mtu wa Changamwe au Kisauni mwenye watani wake wa jadi atayaona ni yake pia.

Sisi si timu za kuonekana kwenye televisheni. Juu kuna ligi kuu, chini yake Super League, alafu daraja la kwanza, alafu la pili, ndio uteremke mpaka huku kwetu ambako mchezaji anakuja na njumu za kuazima na refa anabadilisha nguo nyuma ya gari la mtu. Lakini siku ya mechi hii watu wanajaa mpaka mstari wa pembeni hauonekani, na nimeshalipa kiingilio kwenda kuona mechi za ligi kuu nikakuta nusu ya watu hao hawapo.

Sasa wiki hii nimekuwa nikisoma kwenye grupu letu la WhatsApp vijana wanaandika, ooh safari hii hawarudi kwao na miguu yao, ooh tutawasubiri pale feri, na mengine siwezi kuyarudia hapa kwa sababu kuna wazazi wanasoma. Utani naujua, nimetaniwa sana mimi, nilipotobolewa na winga wao mmoja mbele ya mchumba wangu niliitwa "mlango wazi" mtaa mzima mpaka mwaka ukaisha, na huo ni utani, bila huo hakuna derbi. Kumsubiri mtu feri si utani. Na nataka niseme kwa nini, sio kwa sababu ya faini wala polisi peke yake, ni kwa sababu nshaona mwaka ambao wale jamaa hawakuja, na sitaki kuuona tena.

Nianze mbali kidogo. Ukikaa na wazee kwenye baraza usiku, kahawa chungu inazunguka, ukataja mpira, hawaanzi na timu ya Bandari hao, wanaanza na Feisal na Liverpool. Liverpool ya hapa hapa Mombasa, sio ya Uingereza, ndio ile iliyokuja kuitwa Mwenge. Ligi ya taifa ilianza 1963, mwaka wa uhuru, na 1965 Feisal wakaichukua, kombe likaja pwani, na mpaka leo hii hakuna timu nyengine ya Mombasa iliyochukua ligi. Bandari walikaribia, 2018 wakamaliza wa pili, 2019 wakachukua ngao ya shirikisho wakaenda kucheza Afrika, twawapongeza, ni watoto wetu. Lakini ligi yenyewe ni ile moja ya Feisal, na mzee wa Feisal hachoki kukukumbusha.

Nina ami yangu ambae ni Feisal mpaka kwenye mifupa. Yeye anasema siku ya Feisal na Liverpool ndugu wa tumbo moja walikuwa hawapitishiani chumvi mezani, na mke wa mtu akitoka kwenye nyumba ya Liverpool kuolewa nyumba ya Feisal wiki hiyo alikuwa anarudi kwao kwa amani ya wote. Siku moja nikamuuliza, ami, Gor Mahia na Abaluhya, hao AFC Leopards wa leo, ndio walikuwa maadui wakubwa au Liverpool? Akaniangalia kama nimemtukana. Akanambia Gor ni mgeni, anakuja anacheza anarudi kwao Nairobi na treni, ukimfunga umefurahi ukifungwa umesahau, lakini Liverpool yuko hapa, unaswali nae, unamkuta sokoni, kwa hivyo mazoezi tulikuwa tunafanya kwa ajili ya Liverpool, na ile nguvu tuliyoipata kwa Liverpool ndio tuliyowapigia hao wengine wote. Alafu akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo, akasema "Liverpool walipokuwa wazuri ndio na sisi tukawa wazuri, walipochoka na sisi tukachoka."

Hakuna hata mmoja kati ya hao wawili ambae leo yuko ligi kuu. Sababu ziko nyingi, pesa, uongozi, kampuni kuingia kwenye mpira na timu za mtaa kushindwa kushindana nazo kwa mishahara, sisemi ni hiyo moja tu. Bandari ana bandari nyuma yake. Timu ya mtaa ina nini? Ina mtaa. Na mtaa hautoi pesa yake wala muda wake kwa sababu ya ligi, mtaa unatoa kwa sababu kuna mtu fulani ambae hatutaki atucheke.

Hilo ndio nililokuja kulielewa vizuri baada ya korona.

Machi 2020 michezo yote ilisimamishwa, mnakumbuka, na ilipokuja kurudi timu nyingi za chini zilirudi zikiwa nusu. Sisi kisiwani tulijikongoja. Wa ng'ambo walikuwa na hali mbaya zaidi kwa sababu wachezaji wao wengi mkate wao uko kwenye mahoteli ya Diani, na mahoteli yalifungwa, watu walirudi nyumbani mikono mitupu, wengine wakaenda bara kwa wazee wao kulima, wengine wakaingia boda boda kutwa kucha, na boda huwezi kuiacha saa tisa ukafanye mazoezi ilhali tajiri anataka hesabu yake jioni. Ada ya ligi ikawa tabu, kadi za wachezaji tabu, mwenye jezi akasafiri nazo, basi ndio hali.

Ikafika siku ya derbi, kwetu, sisi ndio wenyeji. Nilikuwa nimeshamaliza kila kitu, chokaa imepigwa tangu asubuhi kabla ya jua kali, nyavu zimefungwa, watu wa huduma ya kwanza wako chini ya mwarobaini, marefa wamefika mapema. Watu walikuja wengi kuliko siku zote kwa sababu ya ile hamu ya kukaa ndani muda mrefu. Mama wa viazi karai alikuja na karai mbili. Saa kumi ikafika, ikapita. Kepteni wao akanipigia simu, sauti yake naisikia mpaka sasa hivi, akanambia kaka tuko sita tu hapa feri, tumengojana tangu saa saba, wengine hawashiki simu. Sita! Sheria inataka angalau 7 ndio refa apulize filimbi, na hata wangekuwa 7 ungekuwa ni mchezo gani huo. Refa akangoja muda wake wa kisheria, akaangalia saa, akaandika. Tukapewa mechi ya bure na pointi 3.

Nilitarajia vijana wetu washangilie, wapige makofi angalau, pointi ni pointi. Walikaa chini katikati ya uwanja na jezi zao safi wakawa wanang'oa nyasi. Watu wa kiingilio wakadai pesa zao na haki yao, tukawarudishia wote, tukabaki na deni la marefa na la uwanja. Yule mama aligawa viazi kwa watoto kwa sababu havilali. Derbi bila mpinzani ni bao unacheza peke yako, kete zote zako na hakuna unayemla.

Mbaya zaidi ni yaliyofuata. Msimu ule ndio msimu wetu mbovu kabisa ninaoujua. Mazoezi wakawa wanakuja wanane, tisa. Mfadhili wetu mmoja mwenye duka la vipuri, ambae kila mwaka alikuwa akitoa pesa ya mipira wiki moja kabla ya derbi, hakutoa, na sikumlaumu, akanambia wazi, mimi nilikuwa natoa ili nikikutana na shemeji yangu wa Likoni niwe na la kumwambia, sasa nimwambie nini. Kijana wetu mmoja mwenye kipaji, mguu wa kushoto wa dhahabu mashallah, akaacha kuja akawa anashinda maskani na wale ambao sote tunajua wanatumia nini. Yeye alirudi, alhamdulillahi. Wapo ambao hawakurudi, na kila mtaa wa Mombasa una orodha yake, siendelei hapo. Ninachosema ni kwamba kijana huyo hakuwa anakuja mazoezini kwa ajili ya afya, alikuwa anakuja kwa sababu kulikuwa na beki wa kulia kule ng'ambo alimwambia hatampita, na alitaka ampite.

Ndio wazee wetu wawili watatu wakaitisha kikao. Walisema tuvuke, twende kwao tukaone wamekwama wapi. Kelele zilizotoka siku ile! Kuna waliosema ni usaliti, kuna aliyesema wakifa ndio furaha yetu tuwe sisi peke yetu, kuna kijana alitoka kwenye grupu. Mzee mmoja, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa maneno mengi, akauliza swali moja tu, akasema haya wamekufa, Jumapili ya derbi mtavaa jezi mwende wapi? Watu wakanyamaza.

Tukavuka. Kwa miguu feri ni bure kwa hivyo hata hatukuwa na kisingizio cha nauli. Tulikwenda na mipira miwili na seti ya jezi zetu za zamani, ambazo hawakuzivaa na sikutarajia wazivae, rangi yetu hawawezi kuiweka mwilini hata uchi uwaumbue, walizibadilisha na timu nyengine. Lakini kilichowasaidia zaidi hakikuwa mipira. Katibu wao alikuwa mpya, mtoto mdogo, hajui makaratasi ya usajili yanajazwa vipi wala tarehe ya mwisho ni lini, nikakaa nae jioni mbili tatu pale kwao tukajaza fomu moja moja, picha, nakala za vitambulisho, nikamuonyesha vile mimi naweka, kila mchezaji bahasha yake. Najua kuna watu hapa watasema nimewafundisha adui. Ndio, nimemfundisha, na msimu uliofuata akaja na kikosi kamili akatufunga bao moja dakika za mwisho, na nilirudi nyumbani nimenuna, nikalala nimenuna, lakini Jumanne mazoezini walikuja vijana 24.

Sasa haya ya Jumapili. Nitayasema kwa vijana wetu zaidi kwa sababu wao ndio wenyeji na mwenyeji ana mzigo.

Kwanza saa. Saa kumi kamili mpira uwe unachezwa. Alasiri itakuwa imeshaadhiniwa, anaeswali aswali msikiti wa karibu aje, sio afike saa kumi na dakika 20 na jezi iko mkobani. Jua la kwetu mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na kitu kama saa kumi na mbili na dakika 40, haliongezi zaidi ya hapo, na uwanja wetu hauna taa. Mechi ya dakika 90, mapumziko 15, dakika za kuumia, piga hesabu mwenyewe. Tuliwahi kuchelewa kuanza kwa sababu ya ugomvi wa kadi za wachezaji, dakika kumi za mwisho golikipa alikuwa anauona mpira ukishafika, bao likaingia kwa kiza na ndipo mawe yakaanza. Mawe mengi ya derbi ninayoyajua mimi yalirushwa magharibi inaingia. Kwa hivyo kadi zote zimekaguliwa na mimi tangu Ijumaa, na katibu wao amenitumia orodha yake, tumeshapatana, mezani kwa refa hakuna jipya.

Wao wanavuka mapema. Jumapili mchana feri huwa na watu wa kwenda ufuo wa Shelly na watu wa harusi, foleni ya magari haitabiriki, nimewaambia waje kwa miguu wavuke saa saba unusu, upande wetu kuna matatu moja itawangoja. Na kurudi ni hivyo hivyo. Matatu ile inatoka uwanjani na wazee wetu wawili wamekaa ndani mpaka kwenye geti la feri. Haya sikuyabuni mimi, ni utaratibu wa wazee tangu ile mechi iliyovunjika watu walipoingia uwanjani, timu mwenyeji ikapigwa faini na mechi zilizofuata ikachezea mbali na kwao, na mwenyeji siku ile, wenye kumbukumbu wanajua alikuwa nani. Mtu akirusha jiwe kwenye matatu hiyo ajue amemrushia babu yake.

Refa mwacheni. Wana pesa ndogo, wanatoka nyumbani kwao kama sisi, na nimeona refa kijana mwenye uwezo mkubwa akiacha kabisa kazi hiyo kwa sababu ya alivyofanyiwa kwenye mechi ya mtaani. Mwaka unaofuata ukiletewa refa mbovu usiulize wazuri wameenda wapi.

Alafu kuna mambo ya ndimu na mayai. Kila derbi kuna mtu anakuja usiku kutaka kufukia vitu golini, na kuna anaekusanya pesa za mganga, kila mtu elfu elfu. Mimi siingilii imani ya mtu, nasema tu pesa hiyo ileteni, joto la uwanja wetu saa kumi na ule unyevu wa bahari mchezaji anakauka kabla ya mapumziko, na maji ya derbi iliyopita hayakufika dakika ya 70, beki wetu wa kati alikamatwa na misuli miguu yote miwili na ndio bao lao la pili lilipitia hapo. Katoni za maji na barafu, na machungwa. Hiyo dawa nimeiona ikifanya kazi.

Mpira wenyewe. Saa hizi upepo ni kusi, na aliyecheza uwanja wetu anajua kusi la jioni linafanya nini. Goli la upande wa barabara ukipiga mpira mrefu unarudi, goli la pili kipa akipiga goli kiki inavuka nusu inamkuta beki wao amegeuka. Tangu sheria ibadilike 2019 kepteni akishinda sarafu anaweza kuchagua goli au kuchagua kuanza na mpira, na nimemwambia kepteni wetu asidanganyike na mpira, achague goli, kipindi cha kwanza tucheze na upepo nyuma yetu wakati miguu ina nguvu, kwa sababu upepo ule huwa unapungua kadri jua linavyoshuka, kipindi cha pili hautawasaidia wao vile ulivyotusaidia sisi. Kocha anafikiria tofauti, anataka tuanze dhidi ya upepo tukiwa na pumzi, tumebishana Alhamisi mpaka mlinzi wa uwanja akataka kufunga. Yeye ndio kocha. Lakini mimi nimeucheza uwanja ule.

Wao watacheza pembeni, siku zote wanacheza pembeni, kwa sababu uwanja wao ule wa mchanga ni mpana na wamezoea kukimbia. Kwetu ni pembamba, na karibu na kona ya upande wa ukuta kuna sehemu jiwe la matumbawe limetokeza, mpira ukigonga hapo unaruka kifuani. Vijana wetu wanajua. Wa ng'ambo nao wanajua, wamekuja miaka yote hiyo. Asiyejua ni winga wao mpya, yule mtoto mdogo wanaemsifu, na sioni ubaya wa kumwacha agundue mwenyewe dakika ya kwanza, ila kabla ya mechi tutaweka mchanga juu ya jiwe mtu asikatwe goti. Hilo halina timu.

Kuhusu mamluki. Kuna minong'ono kwamba tunaleta mtu kutoka timu ya daraja la juu avae jezi ya mtu mwengine kwa kadi ya mtu mwengine. Mimi ndie ninaeshika kadi na nasema haitatokea. Najua kwenye mashindano ya Ramadhani tunayocheza usiku baada ya tarawehe kila mtu anachukua kila mtu, wa ng'ambo wamecheza kwetu na sisi tumecheza kwao, na ni raha, ndio tunapojuana vizuri, golikipa wao yule mrefu nimemlisha mimi mwenyewe mahamri saa nane usiku. Lakini hii ni ligi. Nimewasubirisha vijana 22 jua na mvua nije niwaweke benchi kwa ajili ya mtu ambae Jumatatu hatumuoni?

Vijana walicharuka sana baada ya yale mashindano ya Afrika ya CHAN ya Agosti 2025, Harambee Stars kuwafunga Morocco na kufika robo fainali kwa wachezaji wa ligi ya nyumbani tu, hilo liliwaingia, kwamba mtu anaechezea hapa hapa anaweza kuonekana. Na 2027 Kombe la Afrika linakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Basi wana ndoto, na mimi sitaki kuzima ndoto ya mtu. Lakini nawaambia ukweli, mtu wa kutafuta vipaji akija uwanja wetu atakuja siku ya derbi, hatakuja kuona mazoezi. Na ataangalia wale 22 wote waliomo ndani, hatachagua upande. Wawili kati ya wachezaji wa mitaani waliopanda ngazi ninaowajua mimi, mmoja alionekana akitukimbiza sisi.

Kiingilio ni kile kile cha mwaka jana, wanawake na watoto wa shule bure, upande wa mwarobaini wenye kivuli ni wao, wanaume msiende kujazana huko. Wazee wa pande zote mbili wanakaa benchi moja, refu, liko karibu na mstari wa kati, na ami yangu wa Feisal amesema atakuja na rafiki yake wa Mwenge kwa hivyo nafasi mbili zimeshachukuliwa. Mama wa viazi karai nimemthibitishia jana, aje na karai mbili.

Kikosi kocha atakitaja Jumamosi jioni baada ya mazoezi mepesi. Straika wetu yuko sawa. Beki wa kulia bado kifundo kinamuuma, amefungwa bandeji na anasema atacheza hata kwa mguu mmoja, daktari hajakubali, na mimi niko na daktari. Wa ng'ambo wamenitumia ujumbe asubuhi hii kwamba wanakuja watu 20 na kwamba golikipa wao yule mrefu amepona. Ningependa angekuwa bado anaumwa kidogo, lakini ndio hivyo, tumfunge akiwa mzima.